Nuru Inayorudishwa

Saa sita mchana, mwanzoni mwa Oktoba, mtu aliyesimama Dodoma hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Mji uko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 5 Machi, na tena karibu na tarehe 9 Oktoba. Siku hizo mkulima huangalia mawingu. Mpiga picha huangalia macho ya mteja wake, nayo hayaonekani, yamezama kwenye vivuli viwili chini ya nyusi. Muumba aliliwekea jicho paa la mfupa ili jua kali na jasho visiliumize, na paa hilo hufanya kazi yake vizuri mno kwa mtu anayetaka picha ya mahafali.

Basi huletwa rifleta: duara la kitambaa, upande mmoja mweupe na mwingine wa rangi ya fedha au dhahabu, au kipande tu cha kadibodi kilichobandikwa karatasi ya foili. Msaidizi hukishika usawa wa kiuno, hukiinamisha kidogo, na mara macho yanafunguka. Nukta nyeupe inawaka juu ya mboni. Nukta hiyo ni taswira ya rifleta yenyewe, imechorwa kwenye utando mwembamba wa machozi unaolilainisha jicho. Picha isiyo nayo humwonyesha mtu kama aliyelala macho wazi. Upepo wa kiangazi nao hauachi kusema lake: rifleta hupeperuka kama tanga, na msaidizi akajikuta anavutana nayo mbele ya wahitimu wanaocheka.

Kazi ya kitambaa hicho, naamini, haikubuniwa na mtu. Udongo mwekundu wa Ugogo, eneo hili la Dodoma, uliokolezwa na kutu ya chuma, humrudishia anayesimama juu yake wekundu wa joto chini ya kidevu, ule ule ambao mafundi huufuata kwenye rifleta ya dhahabu. Anga nalo hufanya kazi hiyo hiyo. Chembe za hewa hutawanya mwanga, wa buluu zaidi kuliko mwekundu, na ndiyo sababu kivuli cha mbuyu hakiwi giza totoro. Mwezini, kusiko na hewa, anga ni jeusi hata mchana. Mwezi wenyewe hurudisha takribani asilimia 12 tu ya mwanga unaoupokea, na kwa asilimia hizo watu wamecheza ngoma usiku vizazi na vizazi.

Joho jeusi, uso mweusi, ukuta mweupe nyuma: hapo rifleta huzidiwa, ikaja flashi. Ndani ya kijitaa hicho mna gesi ya zenoni, ambayo haifiki hata sehemu moja katika kila milioni 10 za hewa tunayovuta. Umeme uliokusanywa huachiliwa kwa mkupuo, gesi ikang'aa, na yote yakaisha ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde au pungufu. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Katika sehemu hiyo moja ya elfu, kama pasingekuwa na cha kuuzuia, ungekuwa umetoka Dodoma na kuipita Morogoro. Kwa kitambo hicho betri nne ndogo hushindana na jua.

Ila ni kwa umbali wa mita moja tu. Ukiisogeza flashi hadi mita mbili, mtu anabakiwa na robo ya mwanga ule. Pale Chuo Kikuu cha Dodoma, familia ikijipanga safu mbili, bibi aliyeketi mbele hung'aa na wajukuu waliosimama nyuma hufifia. Jua halina ubaguzi huo. Kutoka kilomita milioni 150, hatua ya mtu si kitu: nuru inayomwangukia bibi ndiyo inayowaangukia wajukuu, na ndiyo inayoiangukia mizabibu ya Hombolo.

Usiku, mpige mtu picha kwa flashi iliyo karibu na lenzi: mboni zake hutoka nyekundu, kwa kuwa mwanga umegonga mishipa ya damu nyuma ya jicho ukarudi. Mpige mbuzi zizini, macho yake yatawaka kijani. Nyuma ya retina yake kuna tabaka linalong'aa, ambalo huudaka mwanga uliokwisha kupenya na kuurudisha upite mara ya pili, ili mnyama aone palipo na mwanga haba. Komba analo tabaka hilo, paka analo, fisi analo, binadamu hakupewa.