Taa Fupi, Ukuta Mrefu

Hebu tuanze na swali ambalo huenda ukaliona la kipuuzi. Taa inayowaka usiku ni ya nani? Ni ya aliyelipia umeme, au ni ya yule anayeona njia kwa sababu yake?

Nauliza kwa sababu hapa kwetu Tunduma umeingia mtindo wa taa fupi. Ni vile vinguzo vinavyofika magotini, vinavyopangwa kandokando ya njia ya gari kutoka getini hadi barazani, au kuzunguka bustani ya ukoka na maua. Vingine ni vya sola: unachomeka ardhini, basi, mchana vinakula jua na usiku vinalirudisha. Vingine ni vya waya. Fundi huchimba mfereji, akalaza waya ndani ya bomba, na umeme wa volti 230 ukashushwa kwa transfoma ndogo hadi volti 12, ili hata jembe la mtunza bustani likikata waya pasitokee msiba. Utavikuta kwenye nyumba za wafanyabiashara na kwenye nyumba za wageni zenye hadhi. Geti likifunguka kidogo, sisi wapita njia tunachungulia na kusema, "Jamani, wenzetu wanaishi!"

Wapo wanaosema kwamba huu ni ulimbwende wa vibosile, kwamba walalahoi wanahangaika na bei ya mafuta ya kula wakati mwingine anayamulikia maua. Mimi sianzii hapo. Mtu kutengeneza kwake papendeze si dhambi. Bibi zetu walifagia uwanja alfajiri wakauchora kwa mifagio, na hapakuwa na aliyewauliza faida yake. Tena nadhani katika taa zote ambazo tajiri anaweza kununua, hii fupi ndiyo yenye adabu kuliko zote. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza kwa nini adabu hiyo haitoshi.

Ilinganishe na dada yake mkubwa, taa ya ulinzi. Hii hufungwa juu ya ukuta, juu ya chupa zilizovunjwa na waya wa miiba, ikatazama nje. Kazi yake si kukuonyesha njia. Kazi yake ni kukuonyesha wewe. Ukipita chini yake unajikuta mtuhumiwa: uso wako umeanikwa, macho yako yamepofuka, na aliyeko nyuma ya mwanga anakuona wakati wewe humwoni. Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1667, enzi za Mfalme Louis wa 14, jiji la Paris lilianza kutundikiwa taa za mishumaa mitaani, na aliyezisimamia alikuwa mkuu wa polisi, La Reynie. Tangu zamani, basi, taa ya mtaani imekuwa na nia mbili ndani yake: kusaidia mguu na kulinda mali. Taa ya ukutani imeichagua nia ya pili na kuisahau ya kwanza.

Taa fupi inafanya kinyume. Imeinama. Ile iliyotengenezwa vizuri ina kofia juu, kwa hiyo mwanga wote unashuka chini, ukaonyesha ngazi, jiwe, ukingo wa maua, na kama kuna nyoka, nyoka. Haikupigi usoni. Haiulizi wewe ni nani. Anga nayo inaiachia nyota zake, na hilo si dogo katika mkoa wetu wa Songwe, ambao ulizaliwa 2016 lakini una mgeni wa kutoka mbinguni aliyetutangulia kwa miaka isiyohesabika: Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zipatazo 16 kilicholala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Watu wenye kitu kama kile mlangoni kwao hawafai kuwa wa kwanza kuzima anga kwa taa zinazotazama juu.

Madereva wa malori wanalijua somo hili bila kufundishwa falsafa. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi mpakani hapa ni zaidi ya kilometa 900, na sehemu kubwa ni giza. Dereva mstaarabu akiona mwenzake anakuja, anashusha taa. Kwa nusu dakika anakubali kuona kidogo ili mwingine naye aone. Asiyeshusha anaitwa kwa majina ambayo mhariri hatayachapa. Kushusha taa ni sheria ya barabarani, sawa, lakini gizani porini, ambako hakuna trafiki, inabaki kuwa utu tu. Kwa mawazo yangu, taa fupi ya bustani ni taa iliyoshushwa moja kwa moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka kuwaonyesha watu njia naye sharti ashuke hadi miguuni pao.

Mpaka hapo nimesifu. Sasa nishike upande wa pili.

Mtaani kwetu yuko mama mmoja anayewapikia madereva waliokwama kwenye foleni ya mpakani. Hurudi kama saa nne usiku, sufuria kichwani, ndoo mkono mmoja, mkaa uliobaki mkono wa pili. Tochi ya simu ataishika kwa mkono upi? Njia yake inapita kati ya kuta mbili ndefu, na pembeni kuna mtaro usio na mfuniko. Msimu wa mvua uliopita alitumbukia. Nilikuwa miongoni mwa waliomtoa. Kifundo cha mguu kilivunjika, na kwa wiki nyingi madereva walikula kwa wengine, wanawe wakala walichojaliwa.

Kilichonikaa rohoni si mtaro peke yake. Ni kwamba pale juu palikuwa na taa mbili kubwa za ulinzi zinawaka. Yule mama hakuanguka gizani. Alianguka katikati ya mwanga. Alionekana vizuri kabisa, ila yeye hakuona. Na nyuma ya ukuta uleule, hatua chache tu kutoka mtaroni, taa fupi kumi na mbili zilikuwa zimepangwa kwa ustadi, zikimulika njia ya pevingi ambayo usiku ule hakupita mtu.

Fikiri kidogo juu ya mtu mwenye mzigo kichwani. Hawezi kuinamisha shingo, maana shingo ikiinama chakula kimemwagika. Anateremsha macho tu. Mwanga wa juu unaomjia usoni ni adui yake. Anachohitaji ni mwanga mdogo, wa chini, hatua mbili mbele ya mguu wake. Yaani kama ungemwita mtaalamu abuni taa kwa ajili ya mama huyu, angekuletea taa fupi ileile ya bustani! Taa hiyo imeshabuniwa, imeshanunuliwa, inawaka. Imewekwa tu upande usio wake. Ndani, mgeni anateremka kwenye gari na kutembea hatua kumi mikono mitupu, naye amewekewa taa kumi na mbili. Nje, aliyebeba riziki ya nyumba nzima kichwani anawekewa taa ya kumpofua.

Hapa ndipo swali linapokuwa la maadili, si la mapambo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni ni nani? Ni yule tuliyemfungulia geti tu? Ukarimu unaoanzia ndani ya geti ni mzuri, ila bado haujatoka nyumbani.

Najua kuna atakayeniambia: kijana, shida yako si urefu wa taa, shida yako ni wivu. Taa inayofaa wengi huwekwa juu, na hata Mwenge wa Uhuru ulipandishwa Kilimanjaro. Hoja nzuri, na inanisaidia. Mwaka 1959, Mwalimu Nyerere alipozungumzia kuweka mwanga juu ya mlima ule, alisema uangaze nje ya mipaka yetu, kwa watu wasio na matumaini na wanaodharauliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Mwenge ukawashwa kileleni, kwenye mita 5,895. Huwezi kupata taa ya juu kuliko hiyo katika Afrika nzima, na bado nia yake ilikuwa kwa walio nje. Kwa hiyo urefu si kipimo cha mwisho. Kipimo ni mpaka: je, mwanga wako unakusudia kuvuka, au unakusudia kuishia kwako?

Sisi wa Tunduma tusijifanye hatulielewi neno mpaka. Mstari ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana 1890 uliwakata Wanyamwanga, wengine wakawa huku, wengine upande wa Zambia, na mpaka leo wanaozeshana na kuzikana. Usiku taa za Nakonde zinaonekana huku na zetu zinaonekana kule, bila pasipoti. Mwaka 2019 nchi mbili zilifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Ajabu ni kwamba tumepunguza ukuta kati ya nchi na nchi, huku tunaupandisha kati ya jirani na jirani.

Sasa nijibu hoja tatu ambazo nimezisikia kijiweni.

Ya kwanza: "Umeme ni wangu, nanunua yuniti kwa pesa yangu." Sawa. Lakini tupige hesabu. Taa moja ya wati 5, ikiwaka saa 12 kila usiku, kwa mwezi haifiki yuniti 2. Ya sola haili hata hiyo. Tena huo umeme unaouita wako unatoka kwenye mito yetu na gesi yetu. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha Februari 2024 na kujengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, halikujengwa kwa pesa ya mtu mmoja mwenye geti. Yule mpika chakula naye amelilipia, kila anaponunua sabuni yenye kodi ndani yake.

Ya pili: "Njia ya nje ni kazi ya serikali." Kweli kabisa, na mtaro unahitaji mfuniko kabla ya taa. Wanaohusika waulizwe, na wasiachwe. Ila wajibu wa mkubwa haufuti wa mdogo. Huko London, karne nyingi kabla ya umeme, wenye nyumba walitakiwa kutundika taa nje ya milango yao usiku wa majira ya baridi. Aliyekuwa na mlango alikuwa na deni kwa anayepita mbele yake. Mimi sitaki sheria kama ile, maana sheria ingemwangukia hata mjane mwenye kibatari. Nataka tu aliyekwisha kuwasha kumi na mbili aone aibu kidogo akitazama nje.

Ya tatu ndiyo nzito: "Nikiweka nje itaibwa." Huenda ikaibwa kweli, siwatetei wezi. Lakini mafundi wetu si wajinga. Acha kishimo chini kabisa ya ukuta, weka taa ndani yake, zibe kwa wavu wa chuma uliochomelewa, mwanga utoke chini kwa chini. Ikiibwa hata hivyo, umepoteza taa. Linganisha na kifundo cha mguu, kisha uniambie ipi ni hasara.

Wenzangu mnaoandika mnaweza kuuliza mambo ya taa yanatuhusu nini sisi wa hadithi na mashairi. Yanatuhusu, maana riwaya nyingi tunazoota kuziandika zinapita kwenye vichochoro hivi, na tusipotazama vizuri tutaandika juu ya mapazia ya ndani tu. Lakini sitaki kugeuza mtaro kuwa fumbo. Mtaro ni mtaro, na mama yule amerudi kazini akichechemea.

Msimamo wangu ni huu. Anayemulika njia ya ndani ana deni la hatua chache za nje, zile zinazopita mbele ya ukuta wake mwenyewe. Hadaiwi mtaa mzima. Akiziweka taa kumi na moja ndani na moja nje, bustani yake haitapungua uzuri, na ile moja itafanya kazi kubwa kuliko zote kumi na moja. Mwenye hoja ya kuipinga hii aandike, nitamsoma. Ila kabla hajaandika, nampa kazi ndogo: apite saa nne usiku mbele ya kuta za mtaani kwake, ndoo mkononi, mzigo kichwani, halafu atuambie aliona nini chini ya miguu yake.