Haki ya Kukataa Bei

Tarehe 9 Julai 2018 Kongo ilipata sheria namba 18/020 kuhusu uhuru wa bei na ushindani. Msingi wake ni kwamba mwenye mali ndiye anayepanga bei yake, isipokuwa kwa vitu vichache kama mafuta ya petroli, ambayo bei yake hutangazwa na Wizara ya Uchumi. Sheria hiyohiyo inawakataza wafanyabiashara kupatana bei kwa siri, inamkataza mwenye nguvu sokoni kuzitumia kuwakandamiza wengine, na imeweka tume ya ushindani ya kusimamia hayo yote. Uhuru huo unamhusu pia mkulima wa Miti, katika teritwari ya Kabare, pale ambapo barabara ya kwenda Bunyakiri na Walikale inaachana na ile ya kwenda Kavumu na Goma. Kwenye karatasi yeye na mwenye lori ni sawa. Lakini tuseme jioni imeingia, lori ni moja, wanunuzi waliosimama kando yake wamekwisha kupatana bei, na gunia la maharagwe halina pa kulala. Mkulima anapokea wanachompa na anaondoka. Hakuna aliyemshikia panga wala aliyemwibia, na akiulizwa atasema alikubali mwenyewe. Je, mbele ya Mungu hapo kuna kosa? Kama lipo, ni lipi hasa?

Jibu tulilozoea kulisikia kanisani na msikitini ni tamaa. Mimi naliona jibu hilo limekosea mlango. Mama anayeuza sombe kando ya barabara naye anatamani bei ipande, na tamaa yake haimuumizi mtu, kwa sababu akizidisha, mnunuzi atapiga hatua tatu hadi kwa jirani yake. Wala bei kubwa yenyewe haitoshi kuwa dhambi. Mvua ikikatika au barabara ikifungwa na tope, chumvi itapanda, na aliyeibeba kwa taabu hadi sokoni hajamdhulumu mtu. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliuliza habari za mfanyabiashara anayefika na nafaka mahali penye njaa, naye anajua kwamba nyuma yake kuna wengine wanaleta nafaka nyingi. Je, lazima awaambie wanunuzi? Thomas alijibu kwamba haki haimlazimishi, ingawa angewaambia angekuwa mwema zaidi. Lakini Thomas huyohuyo, anapomzungumzia muuzaji anayepandisha bei kwa sababu tu mnunuzi amebanwa na shida, anabadilika kabisa: shida ile ni ya mnunuzi, muuzaji hana haki ya kumuuzia mtu kitu kisicho chake. Tukiyaweka majibu hayo mawili pamoja tunaona mpaka. Kuikuta shida ya watu na kuuza mali yako ni biashara. Kosa linaanza pale unapoitengeneza shida hiyo, au unapoifungia milango isipate wa kuiponya, halafu ukaigeuza kuwa bidhaa.

Uislamu uliliona jambo hili kwa karibu zaidi, tena sokoni kwenyewe. Mtume alikataza watu wa mjini kuutokea njiani msafara wa wanaoleta mali na kununua mali ile kabla wenyewe hawajafika sokoni. Katika mapokezi yake imo hukumu ambayo kila mwanasheria wa ushindani angepaswa kuijua: muuzaji aliyepokelewa njiani hivyo, akifika sokoni, ana hiari ya kuvunja mauzo. Tuitazame vizuri hukumu hii. Haisemi kwamba mnunuzi wa njiani alidanganya, wala kwamba bei aliyotoa ilikuwa ndogo mno. Haitaji bei kabisa. Inamrudishia mtu wa shamba kitu alichonyang'anywa bila yeye kujua, yaani nafasi ya kuona bei nyingine na kukataa ile ya kwanza. Hapo ndipo ninaposimama katika makala haya. Ubaya wa ukiritimba na wa njama za bei ni kwamba unamwondolea binadamu uwezo wa kukataa, huku ukimwachia maneno ya kukubali mdomoni. Dini zinazofundisha kwamba Mungu mwenyewe hamlazimishi mtu kuamini haziwezi kuuita ukubali wa namna hiyo kuwa ni uhuru.

Kivu Kusini imelipa gharama ya jambo hili kwa maisha ya watu. Kwa miaka mingi wakulima wa kahawa wa pwani za Ziwa Kivu, kuanzia Kalehe hadi kisiwa cha Idjwi, waliona bei ya wanunuzi wachache wa upande huu haifai hata nguvu ya kuchuma. Wengine wakapakia kahawa kwenye mitumbwi usiku na kuvuka kwenda Rwanda. Wengi walizama, na vijiji vya kando ya ziwa vikabaki na wajane. Ushirika wa SOPACDI ulianzishwa mwaka 2003 ili mkulima wa huko apate njia nyingine ya kuifikisha kahawa yake kwa mnunuzi wa mbali bila kupitia mkono wa yule mmoja. Anayedhani kwamba ushindani ni somo la watu wa suti na afikirie mitumbwi ile. Mtu hawezi kuhatarisha uhai wake gizani kwa ajili ya tofauti ya bei ila kama njia zote za mchana zimefungwa.

Kuna pia njia ndogo za kufunga mlango, na hizi kila mnunuzi wa soko letu anazijua kwa macho. Maharagwe na unga hupimwa kwa kopo. Kopo likibonyezwa kitako likaingia ndani kidogo, bei inabaki ileile na chakula kinapungua. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli kwa hilo hasa: walipunguza kipimo na kuongeza fedha, wakingoja kwa hamu sabato iishe wapate kuendelea. Mnunuzi anaweza kumkwepa muuzaji mmoja mwenye kopo bovu. Makopo yote ya soko yakibonyezwa sawasawa hana pa kwenda, na hapo udanganyifu wa mmoja umekuwa utawala juu ya wote. Ndiyo maana sheria nyingi humlinda mlaji na kulinda ushindani kwa mkono mmoja: kipimo cha kweli na mlango wa pili vinategemeana.

Waumini wengi wana pingamizi la haki kabisa. Watasema bei ni mambo ya Mungu, na kwamba Mtume, alipoombwa awapangie watu wa Madina bei wakati vitu vimepanda, alikataa, akisema Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei na kwamba yeye hataki kukutana naye huku kuna mtu anayemdai dhuluma ya damu au mali. Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1328, alilijibu pingamizi hilo vizuri kuliko nitakavyoweza. Alisema Madina bei ilipanda kwa uchache wa mali, bila mtu kufanya hila, na kumlazimisha muuzaji hapo kungekuwa dhuluma. Lakini wenye mali wakiificha ilhali watu wanaihitaji, au wakipatana, basi kiongozi ana wajibu wa kuingilia. Alikumbusha pia kwamba mwanasheria wa Kiislamu Abu Hanifa na wenzake waliwakataza wale wanaogawa mali kwa malipo wasifanye ushirika wa pamoja, kwa sababu wakishaungana watu watalipishwa zaidi. Huo ulikuwa uamuzi dhidi ya njama ya bei, karne nyingi kabla Marekani haijatunga sheria yake ya Sherman mwaka 1890.

Na msimamizi mzuri wa ushindani, akifanya kazi yake ipasavyo, hapangi bei. Tuitazame Kenya, ambayo sheria yake ya mwaka 2010 ina mamlaka yenye meno. Mwaka 2014 Safaricom ilikubali kuwaachia mawakala wake wa M-Pesa wahudumie pia mitandao mingine, baada ya suala hilo kufikishwa mbele ya Mamlaka ya Ushindani. Hakuna aliyetangaza ada mpya. Kilichofunguliwa ni kibanda, ili mtu mmoja aweze kukaa nyuma ya meza moja na kuuza huduma zinazoshindana. Agosti 2023 mamlaka hiyohiyo ilizipiga kampuni 9 za chuma faini ya zaidi ya shilingi milioni 338 kwa kupanga bei pamoja. Chuma hicho ndicho kinachoingia kwenye nguzo na paa za watu wanaojenga kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara. Desemba mwaka huo ikawaamulia waendeshaji wa maduka ya Carrefour nchini humo faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kuwakandamiza wanaowauzia bidhaa, mmoja wao akiwa muuza asali. Kesi hii ya mwisho naithamini zaidi, kwa kuwa mnyonge wake alikuwa muuzaji. Yuko pale alipo mkulima wetu na gunia lake: mnunuzi ni mkubwa, na kumkataa ni kubaki na mali ikikuozea.

Wengine watasema dhamiri inatosha, wachungaji wahubiri na watu watabadilika. Bukavu haijakosa mahubiri. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, katika ujumbe wake wa Noeli ya mwaka 1999, aliwashutumu waziwazi wageni na wenyeji waliokuwa wakiinyonya nchi kwa fedha na silaha. Februari 2000 walioitawala Bukavu wakamfukuzia Butembo, akarudi Septemba, na mwezi uliofuata akafia Roma. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya afisa yeyote wa bei, na bado unyonyaji haukukoma. Sisemi alishindwa. Nasema dhamiri humgusa mwenye kutaka kuguswa, na njama ya bei ina tabia mbaya ya kumwadhibu mwema. Mfanyabiashara mmoja kati ya watano akiamua kuwa mwaminifu, wanne watamtenga, na depo itamnyima mali. Sheria inayovunja njama inampa huyo mmoja nafasi ya kuwa mwema bila kufilisika. Nafikiri hilo ni tendo la kidini hata likifanywa na karani asiyesali.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka mitaani, na ni hili: nani atamsimamia msimamizi? Wakongo wana sababu ya kuuliza. Kuanzia Septemba 2020 simu za watu zilikatwa salio kwa ajili ya RAM, daftari la kuandikisha simu, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu za kisasa. Mpango huo uliwekwa kwa jina la kumlinda mtumiaji, na chombo kilichopaswa kuwasimamia wenye mitandao kikawa ndicho chenye kunufaika. Kelele za wananchi na bunge ndizo zilizoufanya ufutwe mwaka 2022. Ukiongeza barieri za njiani, ambapo kila gunia linalopita linaacha kitu, utaelewa kwa nini mkulima wa Kabare akisikia neno udhibiti anashika mfuko. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Kavumu na Bukavu, mambo yamekuwa magumu zaidi. Banki zilifunga, fedha taslimu zikaadimika, na mwenye pesa kwenye simu akawa mikononi mwa yule aliye na noti. Tume iliyoko Kinshasa haina mkono wa kufika huko.

Siwezi kulipuuza pingamizi hili, na sehemu yake naikubali: msimamizi anayekula ada kwa anaowasimamia ni sehemu ya njama. Lakini tuangalie linathibitisha nini. Barieri ni mbaya kwa sababu ileile ambayo wanunuzi waliopatana kando ya lori ni wabaya: barabara ni moja, huwezi kukataa. RAM ilichukiza kwa sababu hukuulizwa. Hasira yetu dhidi ya serikali inayonyonya imejengwa juu ya kanuni ambayo tume ya ushindani inapaswa kuilinda. Anayeitupa kanuni kwa kuwa mlinzi wake ni mbovu atakosa hata maneno ya kumlaumu mlinzi huyo.

Limebaki moja, nalo nitalipitia haraka. Je, akina mama wa soko wakikubaliana bei, au wakulima wakiungana kama wale wa Kalehe, si njama hiyohiyo? Ningeuliza tu baada ya kuungana kwao nani amepoteza uwezo wa kukataa. Wakulima mia wanaouza pamoja kwa mnunuzi aliyezoea kuwabana mmoja mmoja wanafungua mlango uliokuwa umefungwa. Wakifika mahali pa kumpiga jirani asiyetaka kujiunga, au kumzuia asiuze, wamevuka mpaka, na umaskini wao hauwatetei.

Basi kuna kazi inayoweza kuanza kabla tume haijafika. Parokia, makanisa ya Kiprotestanti na misikiti kutoka Bukavu hadi Katana zina watu wanaojua kuandika na wanaoaminika. Waandike kila siku ya soko bei ya maharagwe, ya chumvi, ya kutoa fedha kwenye simu, waisome hadharani baada ya ibada, na waweke kopo moja lililopimwa mahali ambapo mnunuzi yeyote anaweza kulinganisha. Haihitaji kibali cha mtu kumwambia mkulima bei ya Bukavu leo asubuhi. Na siku ambapo tume ya mwaka 2018 itafungua ofisi Kivu Kusini, tuidai ianze kwa kuyasoma madaftari hayo.