Mwanafunzi wa Chuo ni Amana ya Nani?

Kila mwaka, yatokapo majina ya vijana walioitwa katika vyuo vikuu, furaha huingia katika nyumba nyingi za kwetu, Likoni, Kisauni na Changamwe. Baba hukusanya karo, mama huuza alichoweka akiba, na kijana husindikizwa kwa dua. Nao vijana wa bara huja kwetu kwa njia iyo hiyo. Hupanga vyumba mitaani mwetu, na kila asubuhi huvuka kivuko au daraja kwenda kusoma kisiwani. Lakini liko swali ambalo ni wachache wanaojiuliza siku ya kuagana: tangu leo, kijana huyu ni amana ya nani? Ni ya mzazi aliye mbali, ya chuo kilichopokea karo, ya mji unaomlaza, au ya nafsi yake mwenyewe?

Vyuo vimeweka ofisi maalumu kwa ajili ya jambo hili. Kazi yake si kusomesha, bali ni kuangalia mambo yote yanayomzunguka anayesoma: malazi, maradhi, nasaha, michezo, uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, na nidhamu. Mwenye kuiongoza, wengine humwita Mkuu wa Wanafunzi, na wengine humwita Mlezi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam humwita Mshauri wa Wanafunzi. Majina haya matatu si mamoja. Mkuu huamrisha, mlezi hulea, na mshauri hungoja aulizwe. Ni katika kuchagua baina ya maana hizi ndipo ilipo shida yote.

Asidhani msomaji kuwa kazi hii ni jambo geni lililoletwa na wazungu. Katika Al-Azhar ya Misri, kwa karne nyingi wanafunzi waliotoka nchi za mbali walikaa katika mabaraza yaitwayo riwaq. Kila watu walikuwa na riwaq yao na sheikh wao wa kuwaangalia, na mkate wao ulitoka katika mali ya wakfu. Waislamu wa Jabarti, kutoka nchi ya Uhabeshi, nao walikuwa na yao. Na hapa kwetu, Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935, aliuweka msikiti wa Riyadha wa Lamu ukawa ni pa kusoma na pa kukaa kwa wanafunzi waliotoka sehemu nyingi za pwani hii. Wazee wetu walijua kuwa ilimu haikai katika kichwa cha mtu mwenye njaa, wala katika moyo wa mtu asiye na wa kumuuliza hali.

Ama wako wasemao kuwa zama hizo zimepita. Wanasema: mwanafunzi wa chuo si mtoto. Sheria ya Kenya ya mwaka 1974 imemhesabu mtu wa miaka 18 kuwa mtu mzima, naye ana haki ya kukaa apendavyo na kujibu mwenyewe kwa ayatendayo. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupuuzwa, maana jina la ulezi limepata kutumiwa kwa dhuluma. Mwaka 1960, chuo kimoja cha watu weusi katika jimbo la Alabama, Marekani, kiliwafukuza wanafunzi kwa sababu walikwenda kudai wahudumiwe chakula mahali palipotengwa kwa wazungu. Hawakusomewa mashtaka wala hawakusikizwa. Mwaka 1961 mahakama ya rufani ilihukumu kuwa chuo cha serikali hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila ya kumjulisha kosa lake na kumpa nafasi ya kujitetea. Na hapa Kenya, baada ya jaribio la kupindua serikali la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa muda mrefu, na wanafunzi wakarudishwa makwao wawe wakiripoti kwa machifu. Ulezi wa namna hii si ulezi. Ni ulinzi wa mfungwa.

Basi je, kwa kuwa ulezi umepata kuharibiwa, tuuache? Hapa ndipo twaona kuwa wasemao hivyo huchanganya mambo mawili. Sheria imemwondolea chuo mamlaka ya baba. Haikumwondolea wajibu wa jirani. Kuwa mtu mzima si kuwa mtu peke yake. Mzee wa miaka sitini akipatwa na homa ndani ya chumba chake, watu wa mtaani hubisha mlango, wala hapana asemaye kuwa wamemvunjia uhuru wake. Mbona basi kijana wa miaka kumi na tisa, aliyekuja mji asioujua, aweze kutoonekana darasani wiki tatu asitokee wa kuuliza yuko wapi? Jina lake husomwa siku tatu tu: siku ya kuandikishwa, siku ya kudaiwa karo, na siku ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Huko si kumheshimu kwa utu uzima wake. Huko ni kumtupa, kisha kumtupa kukaitwa uhuru.

Na mambo ya leo yamelizidisha jambo hili uzito. Wanafunzi wamekuwa wengi kuliko mabweni, na wengi wao hukaa katika vyumba vya kupanga. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ukichelewa, kodi ya chumba haichelewi. Mitaa ya Kisauni na Likoni, kama tujuavyo, imepata kusumbuliwa na magenge ya vijana na biashara ya unga. Wasemao ni kweli kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini ulimwengu huo, kwa mwanafunzi aliyepanga kwetu, ndio sisi.

Tutazame mfano mmoja wa mji wetu. Chuo cha Kiislamu cha Mombasa, kilichojulikana kwa jina la MIOME, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1951. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Miongoni mwa walioajiriwa hapo katika miaka ya mwanzo alikuwa kijana Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali. Babake alifariki mwaka 1947, naye alikuwa na miaka kumi na minne. Mtihani wake wa Cambridge haukuwa mzuri, na mlango wa Makerere ukafungwa mbele yake. Katika sherehe ya Maulidi alisimama akahutubia, na Gavana Philip Mitchell akawa miongoni mwa waliomsikia. Kwa kusikizwa huko njia ikafunguka. Mwaka 1955 alikwenda Uingereza, akasoma Huddersfield, kisha Manchester, na baadaye akawa profesa katika Makerere ile ile iliyomkataa. Alipofariki mwaka 2014, alirudishwa akazikwa Mombasa.

Watu hukipenda kisa hiki kwa mwisho wake. Sisi twakipenda kwa swali lake: wangapi walikuwa na kipawa, wala hapana siku waliyosimama mbele ya mtu wa kuwasikiza? Kusikizwa kwa yule mmoja kulikuwa ni bahati. Kazi ya Mlezi wa Wanafunzi, ikieleweka sawasawa, ni kuigeuza bahati ya mmoja kuwa haki ya wote.

Basi amana hii ni ya wengi, na kila mmoja ana fungu lake. Chuo kihakikishe kuwa kila mwanafunzi ana mtu mmoja amjuaye kwa jina na kwa hali, na akikosekana aulizwe. Na asiwe mtoaji nasaha ndiye mtoaji adhabu, kwani hapana afunuaye siri yake kwa hakimu wake. Mwenye nyumba ajue kuwa aliyempa chumba ni mtoto wa mtu, si kodi yenye miguu. Misikiti yetu na mabaraza yetu yamfungulie mlango, wa pwani na wa bara, bila ya kumtaka kwanza aeleze ukoo wake. Mzazi asidhani kuwa kulipa karo ndio mwisho wa kulea. Na mwanafunzi naye ajue kuwa yeye ndiye mshika amana wa kwanza, wala asiifanye aibu kuomba msaada.

Siku ya hesabu, hapana katika sisi atakayeweza kusema kuwa alidhani yuko mwingine aliyemwangalia. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitekeleza amana hii. Amin.