Ukungu na Giza: Ushahidi wa Jicho

Kipimo cha uwanda wa kuona ni ushahidi wa mgonjwa mwenyewe. Jicho moja hufunikwa, kidevu hutulizwa kwenye mashine, na jicho jingine hukazia nukta ya katikati. Kila anapoona mmweko mdogo wa mwanga, mgonjwa hubonyeza kitufe. Katika aina moja inayotumika sana hupimwa sehemu 54. Asipobonyeza hata mwanga unapoongezwa nguvu, mahali hapo huandikwa giza. Hapo huzuka swali la kale: mtu mkweli anaposema "sioni", ameshuhudia nini hasa?

Mtoto wa jicho hulifanya swali hilo kuwa gumu. Ni lenzi iliyopoteza ung'avu wake, hivyo mwanga hupungua na kutawanyika kabla ya kufika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaohisi mwanga, na ramani nzima ya kipimo hufifia. Presha ya macho, yaani glakoma, hula neva ya jicho na kuacha katika ramani pengo mahali mahususi, mara nyingi lenye umbo la upinde.

Anayeijua barabara ya Makambako kwenda Njombe ameiona tofauti hiyo. Ukungu wa alfajiri ukishuka, taa za malori hufifia zote pamoja, wala hakuna iliyozimika. Gari lenye taa moja iliyoungua ni jambo jingine. Lakini ukungu ukizidi, hata taa iliyoungua haijulikani. Vivyo hivyo mtoto wa jicho huweza kuificha presha ya macho. Ndiyo maana mashine huchora pia ramani ya pili, iliyoondolewa ule ufifi wa jumla, ili pengo lijitokeze. Msaada huo ni mkubwa, ila una mpaka: lenzi yenye mawaa yasiyolingana huweza kuleta mapengo ya uongo.

Wanafalsafa walichelewa kuitofautisha lenzi na mahali panapohisi mwanga. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, alionyesha kwamba mwanga ndio unaoingia jichoni, lakini bado aliiona lenzi kuwa ndiyo inayohisi. Mwaka 1604 Johannes Kepler aliihamishia kazi hiyo kwenye retina. Kwa hesabu hiyo lenzi ni dirisha, na giza la dirisha si giza la nyumba.

Kuuliza chanzo cha giza si jambo jipya: katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wa Yesu wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kuuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa majibu yote mawili. Kosa lao ni kuliona giza na kurukia chanzo chake, na kosa hilo huweza kutendeka hata mbele ya mashine. Mgonjwa asiyebonyeza kitufe hajadanganya. Ushahidi wake ni wa kweli, ila sababu haimo ndani yake. Hutafutwa kwa kuichunguza lenzi na neva.

Mtoto wa jicho akiondolewa kwa upasuaji, ufifi wa jumla hupungua. Pengo lililoachwa na presha ya macho halizibiki. Kwa hiyo mgonjwa apimwe upya baada ya upasuaji, na ramani hiyo mpya ndiyo iwe mwanzo wa kumfuatilia.