Masimulizi na Nafsi Iliyotawanyika

Wakristo wanaotetea usimulizi mzuri katika zama hizi za simu ya mkononi na video za sekunde chache huishia mara nyingi kwenye hoja moja, kwamba hadithi huwashika wasikilizaji pale ambapo mafundisho makavu yamewaponyoka. Hoja hiyo si ya uongo, lakini ni nyembamba mno, tena ina hatari ndani yake, kwa kuwa huigeuza hadithi kuwa chambo cha kuwavutia watu kwenye jambo jingine linalodhaniwa kuwa ndilo la maana, na mhubiri anayeshindana na simu kwa silaha za simu hana budi kushindwa. Sababu yenye uzito zaidi iko mahali pengine. Nafsi ya mtu aliyezoea kuvutwa huku na huku hupoteza uwezo wa kuyashika maisha yake kama kitu kimoja chenye mwanzo, mwendo na mwisho. Na imani ya Kikristo, ambayo ni habari ya mambo yaliyotendeka kabla ya kuwa orodha ya mafundisho, haipokeleki kwa urahisi katika nafsi isiyoweza kufuata habari ndefu. Aliyeliona jambo hili kwa undani kuliko wengi ni Mwafrika, Augustino, mzaliwa wa Tagaste katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliyekuwa askofu wa Hippo hadi kifo chake mwaka 430.

Ni kosa kudhani kwamba kutawanyika kwa mawazo kulianza na intaneti. Kartago ya ujana wa Augustino ilikuwa na majumba ya maigizo na viwanja vya mashindano vilivyojaa watu. Katika *Maungamo*, kitabu alichokiandika miaka michache baada ya kupewa uaskofu, anaueleza ugonjwa anaouita udadisi, na kwa neno hilo hakusudii hamu njema ya kujifunza, bali tamaa ya macho inayotajwa katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, yaani njaa ya kuona na kujua ambayo haina lengo jingine zaidi ya kuona na kujua. Mifano yake ni midogo, na udogo huo ndio unaoipa nguvu. Anakiri kwamba haendi tena uwanjani kumtazama mbwa akimfukuza sungura, lakini akimkuta mbwa huyo shambani wakati anapita njia, moyo wake humgeukia hata kama alikuwa akitafakari jambo kubwa. Na akiwa ameketi nyumbani, mjusi anayekamata nzi, au buibui anayewafunga kwa nyuzi zake, humteka macho. Askofu huyu hakudai kwamba kumtazama mjusi ni dhambi. Kinachomsikitisha ni kwamba moyo uliokwisha kuwa ghala la vitu vya namna hiyo hukatizwa hata katikati ya sala, wakati ambapo sauti yake ilikuwa imeelekezwa kwa Mungu.

Chanzo cha ugonjwa huo anakitafuta katika kitabu cha 11 cha *Maungamo*, anapouliza wakati ni nini. Nafsi, kwa maelezo yake, imetanuliwa: kumbukumbu inaivuta nyuma, matarajio yanaivuta mbele, na mtu hupasuka katikati, asijue mpangilio wa siku zake. Ili kuonyesha jinsi nafsi hiyo inavyoweza kushikamana, anatoa mfano wa mtu anayeimba zaburi anayoifahamu. Kabla hajaanza, matarajio yake yameikumbatia zaburi nzima. Kadiri anavyoendelea, kila kilichoimbwa kinahamia katika kumbukumbu, na usikivu wake uko palepale, ukiwa mlango ambao yajayo yanaupitia kwenda kuwa yaliyopita. Kisha anaupanua mfano wake kwa ujasiri mkubwa, akisema kwamba jambo hilohilo hutukia katika kila silabi ya zaburi, katika tendo lolote refu ambalo zaburi ni sehemu yake, katika maisha yote ya mtu, na katika historia yote ya wanadamu.

Hapo ndipo mzizi wa suala hili ulipo. Msikilizaji wa hadithi iliyosimuliwa vizuri hulazimika kuyashika yaliyokwisha kusemwa huku akiyangoja yanayokuja, wala hawezi kuuelewa mwisho kama ameuacha mwanzo udondoke. Mfululizo wa video fupi haudai kazi hiyo hata kidogo, kwa sababu kila kipande hukifuta kilichotangulia, na kinachobaki cha kungojewa ni kipande kingine. Anayelishwa hivyo kwa saa nyingi, siku baada ya siku, hapotezi muda tu. Anadhoofika katika kukumbuka na katika kutumaini, na hivyo ndivyo viungo vya nafsi ambavyo Ukristo hauwezi kuishi bila kuwa navyo. Tumaini, katika maana yake ya Kikristo, ni kuungoja mwisho wa habari ambayo mwanzo wake unakumbukwa, na Meza ya Bwana yenyewe, kwa mafundisho ya Paulo kwa Wakorintho, hukumbusha kifo kilichopita na kutazamia kurudi kutakakokuja. Hata kanuni ya imani, ambayo waumini wengi huitamka kana kwamba ni orodha, imepangwa kwa mfuatano wa matukio, na ndani yake limo jina la liwali mmoja wa Kirumi, Pontio Pilato, ambaye hana fundisho lolote analolibeba isipokuwa kwamba mambo hayo yalitukia mahali fulani na wakati fulani.

Namna hadithi inavyoweza kuikusanya nafsi iliyotawanyika inaonekana katika kitabu cha 8 cha *Maungamo*, kinachoeleza kuongoka kwa Augustino huko Milano mwaka 386. Kabla ya kugeuka kwake bustanini, na kabla ya sauti aliyoisikia humo ikimwambia achukue asome, kulikuwa na hadithi. Mgeni aitwaye Pontisiano, Mwafrika mwenzake mwenye cheo katika jumba la kaisari, alimtembelea Augustino na rafiki yake Alipio, akawasimulia habari za Antoni, mtawa wa jangwa la Misri, kisha akawaeleza yaliyowapata watumishi wawili wa kaisari katika mji wa Trier. Alasiri moja, kaisari alipokuwa ameshikwa na michezo ya uwanjani, watumishi hao walikwenda kutembea katika bustani zilizo kando ya ukuta wa mji, wakafika kwenye kibanda cha watumishi wa Mungu, wakakuta humo kitabu cha maisha ya Antoni. Mmoja wao akaanza kusoma, na alipokuwa bado anasoma moyo wake ukaazimia kuacha utumishi wa kaisari, na mwenzake akaungana naye. Antoni mwenyewe alikuwa amegeuka siku alipoingia kanisani akakuta inasomwa Injili ya kijana tajiri. Hivyo Injili ilimfikia Antoni, habari ya Antoni ikafika Trier, ya Trier ikasimuliwa Milano, na aliyeisikia Milano akaandika yake, ambayo imesomwa kwa zaidi ya miaka 1,600.

Katika mnyororo huo Pontisiano anastahili kutazamwa zaidi ya anavyotazamwa kwa kawaida. Hakuwa padri, hakuja kuhubiri, na hakuna dalili kwamba alijua vita iliyokuwa ndani ya mwenyeji wake; alisimulia tu, kwa ukamilifu na kwa mpangilio, jambo alilolijua. Hata hivyo Augustino anashuhudia kwamba mgeni huyo alipokuwa akizungumza, Mungu alikuwa akimgeuza yeye ajitazame, yeye aliyekuwa amejiweka nyuma ya mgongo wake mwenyewe ili asijione. Tofauti kati ya hadithi na tamasha imo katika simulizi hilohilo: uwanja ulimshika kaisari akajisahau, lakini kitabu kibandani kiliwarudisha wasomaji wake kwenye maisha yao wenyewe.

Karibu na mwaka 400, Augustino alipata nafasi ya kuyafanya mawazo hayo kuwa kanuni za kazi. Shemasi wa Kartago aitwaye Deogratias, jina ambalo wazazi Wakatoliki wa Tanzania wangali wakiwapa watoto wao, alimlalamikia kwamba maneno yake marefu yaliwachosha watu walioletwa kwake kujifunza misingi ya imani, na kwamba hata yeye mwenyewe aliyachoka. Kitabu kidogo alichojibiwa nacho ni miongoni mwa maandishi yenye huruma kubwa kuhusu ualimu. Augustino anamshauri asimulie tangu uumbaji hadi nyakati za Kanisa walizomo, lakini asijaribu kuyakariri yote; achague matukio machache ya ajabu, ayakunjue taratibu mbele ya msikilizaji ili ayatazame, na mengine ayapitie kwa haraka. Maelezo ya sababu na maana yawe kama dhahabu inayoshikilia vito katika pambo bila kuvifunika. Msikilizaji akianza kupiga miayo, mwalimu aseme neno la kumchangamsha au la kumstaajabisha, na akiona amechoka kusimama ampe kiti. Na mwalimu akichoshwa na kurudia mambo ya wanaoanza, akumbuke jinsi mtu anavyomtembeza mgeni katika mji ambao yeye ameuzoea hata haumfurahishi tena, akashangaa kuona furaha ya mgeni inaufanya mji kuwa mpya machoni pake. Haya si mbinu za kuteka masikio. Lengo lake Augustino ni kwamba anayesikia aamini, anayeamini atumaini, na anayetumaini apende, na kwa hiyo msimulizi ndiye anayetangulia kupenda.

Pingamizi kali dhidi ya hadithi linatoka kwa Augustino huyohuyo. Katika kitabu cha 3 cha *Maungamo* anakumbuka jinsi alivyolia kwenye maigizo ya Kartago kwa ajili ya mateso ya watu wa kubuni, akiyafurahia machozi yake, ilhali mtazamaji haitwi kumsaidia mtu yeyote bali kuhuzunika tu. Onyo hilo linawahusu Wakristo wa leo kuliko wanavyopenda kukubali, kwa maana ushuhuda unaotiwa chumvi jukwaani ili umati upige kelele, au habari ya mgonjwa inayosambazwa kwa sababu inaliza, ni maigizo ya Kartago yaliyovishwa joho la kwaya. Msimulizi wa Kikristo amefungwa na ukweli wa anachokisimulia na wema wa anayemsikiliza, na pale anapolazimika kuchagua kati ya kishindo na ukweli, inampasa akubali kupoteza kishindo.

Makatekista wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao hufundisha mwisho wa siku, wakati wanafunzi wamechoka na simu ziko mifukoni, wamerithi utamaduni unaolijua jambo hili tangu zamani: msimulizi wa Kiswahili hutamka paukwa na haendelei mpaka ameitikiwa pakawa, kwa kuwa bila mwitikio huo hakuna hadithi, kuna sauti tu. Ni hasara kubwa kwamba mafundisho mengi ya Kipaimara hutolewa kama maswali na majibu ya kukariri, huku hadithi ya Yusufu na ndugu zake, yenye sura zaidi ya kumi katika kitabu cha Mwanzo na fumbo lisilofumbuliwa hadi karibu na mwisho wake, ikifupishwa kuwa funzo la kusamehe. Atakayejitetea kwa ufinyu wa muda atakuta Augustino amemtangulia, kwa sababu mwishoni mwa kitabu alichomwandikia Deogratias ameweka mifano miwili ya mafundisho, mmoja mrefu na mmoja mfupi kwa ajili ya mwenye haraka. Katika ule mfupi matukio mengi yameachwa kando na maelezo yamepunguzwa sana, lakini mwendo wote umebaki: kifo kilichoingia kwa mtu wa kwanza kimo, kuja kwa Kristo kumo, na msikilizaji, hata kama alikuwa na nafasi ndogo tu siku hiyo, anaondoka akiwa ameambiwa pia habari ya ufufuko ambayo bado anaingoja.