Mkoba Wenye Picha: Tunanunua Nini?



Tunawasalimu ninyi nyote, mliovuka ziwa kutoka pande za Fizi na Uvira, na ninyi mliorudi kutoka Tanzania mkakuta viwanja vya baba zenu vina watu wengine. Katika toleo hili tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililoanza likiwa dogo, kisha likaleta maneno mengi kati yetu. Ni jambo la mkoba wa shule.

Shule zilipokaribia kufunguliwa mwezi wa Septemba, mama mmoja wa kanisa letu aliuza sehemu ya maharage ya mgao. Kwa fedha ile alikwenda soko la Rumonge, akamnunulia mwanawe mkoba wenye picha ya gari jekundu lenye macho, linalocheka. Pembeni yake palikuwa na mkoba mwingine usio na picha, wa bei ndogo zaidi. Kitambaa kilikuwa kilekile, mshono uleule, hata zipu ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa picha tu.

Majirani walipojua, walisema. Katika ibada ya nyumbani mzee wetu mmoja alisema wazi kwamba ile ni sanamu, na kwamba Esau aliuza heshima yake apate chakula, lakini huyu ameuza chakula apate picha. Mama yule alilia. Wengine wakasema mwacheni, mtoto ni wake na maharage ni yake. Tulifunga kwa sala, lakini tuliondoka bila kupatana.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: mtu anaponunua picha, ananunua nini hasa? Na je, ni kosa?

Kwanza ni vizuri tuielewe biashara yenyewe. Gari lile limetoka katika filamu ya Kimarekani inayoitwa Cars, iliyoonyeshwa mwaka 2006. Watu wa dunia nzima waliolipa kiingilio kuitazama walitoa karibu dola milioni 460. Hizo ni fedha nyingi. Lakini ilipofika mwaka 2011, filamu ya pili ilipotoka, vitu vyenye picha za magari yale, yaani vigari vya kuchezea, mikoba, mashuka na nguo, vilikuwa vimeuzwa kwa karibu dola bilioni 10. Kwa kila dola moja iliyolipwa kutazama, zaidi ya dola 20 zililipwa kununua vitu.

Jambo hili si la jana. Panya anayeitwa Mickey Mouse alijulikana kwa filamu ya mwaka 1928. Inasimuliwa kwamba muda mfupi baadaye mtu mmoja alimfuata mwenye panya huyo, Walt Disney, hotelini huko New York, akampa dola 300 apate ruhusa ya kumchapa juu ya madaftari ya shule. Disney alikuwa na shida ya fedha, akakubali. Angalieni, wazazi: karibu miaka mia iliyopita biashara hii ilipita mlango uleule wa vifaa vya shule. Paka wa Kijapani anayeitwa Hello Kitty hakungoja hata filamu. Kampuni ya Sanrio ilimbuni mwaka 1974 kwa ajili ya kuuzia vitu, na kitu chake cha kwanza kilikuwa kipochi kidogo cha kuwekea sarafu. Nao Pokémon, wa Japani pia, walianza mwaka 1996 katika mchezo wa kuchezea kwenye mashine ndogo ya mkononi. Leo hukadiriwa kwamba mapato yao yote yamepita dola bilioni 100, na sehemu kubwa imetokana na vitu vinavyouzwa kwa sura zao.

Sisi watu wa ziwa tunaweza kulielewa jambo hili bila kusoma sana. Usiku wa giza wavuvi wa Rumonge hutoka na taa. Ndagala wakiona mwanga hukusanyika, na wavu huwa tayari chini yao. Hakuna mvuvi anayeuza mwanga. Filamu ni taa, na vitu vya sokoni ndivyo wavu. Mtoto wetu hajaiona hata hiyo filamu. Ameona mwanga wake tu mgongoni mwa mwenzake.

Kuna kisa kingine kilichotufundisha. Mwaka 1977 filamu ya Star Wars ilipendwa sana huko Marekani, hata kampuni ya Kenner, iliyopewa kazi ya kutengeneza vitu vya kuchezea, ikashindwa kuvimaliza kabla ya Krismasi. Basi ikauza boksi la karatasi lisilo na kitu cha kuchezea. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kuagizia wanasesere wanne, ambao wangeletwa kwa posta mwaka uliofuata. Wazazi walinunua. Tulipokisikia kisa hiki tulicheka, kisha tukanyamaza. Maana ni nani kati yetu ambaye hajaishi miaka kwa karatasi yenye ahadi? Wazazi wale hawakuwa wajinga. Hawakutaka mtoto wao aamke siku ya Krismasi akiwa mikono mitupu kati ya wenzake.

Hata lugha yetu imeingia katika soko hilo. Filamu ya The Lion King ilipotoka mwaka 1994, maneno hakuna matata yalisikika dunia nzima. Ni maneno ya kawaida ya Kiswahili, na kundi la Them Mushrooms la Kenya lilikuwa limeyaimba tangu mwaka 1982. Kampuni ya Disney iliyaandikisha huko Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya fulana, na uandikishaji ulikamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 watu wengi waliudhika, na zaidi ya 50,000 walitia sahihi kupinga. Tuseme kweli: hakuna anayetuzuia kuyasema. Lakini tumeona kwamba neno ambalo bibi zetu walilitoa bure linaweza kuwekwa bei na mtu asiyewajua.

Katika filamu hiyohiyo umo wimbo uliotokana na kazi ya Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, aliyeurekodi mwaka 1939 na kuziuza haki zake kwa shilingi 10. Alikufa maskini mwaka 1962. Binti zake walidai mahakamani, na mapatano yakafikiwa mwaka 2006. Kwa hiyo katika biashara hii faida haimfuati sikuzote aliyekifanya kitu kiwe kizuri. Inamfuata anayeimiliki alama.

Sasa turudi kwa yule mtoto. Kwa nini aliutaka mkoba ule, wakati ule mwingine ungebeba madaftari vilevile? Tulimwuliza kwa upole. Alisema kwamba shuleni wanamwita mkimbizi, na wanaiga namna anavyosema Kirundi. Lakini wavulana watatu wenye picha ya gari lile hukaa pamoja wakati wa mapumziko. Alidhani akiwa nayo, atakaa nao.

Ndugu zetu, jibu hilo lilituchoma moyo. Mtoto huyu hakutamani gari wala kitambaa. Alitamani kuwa mtu wa mahali fulani. Sisi tulioacha nyumba na makaburi ya wazee wetu tunaijua njaa hiyo. Ni njaa ya kweli, na si haki kuiita tamaa.

Kwa hiyo hatukubaliani na mzee wetu, ingawa tunamheshimu. Sanamu ni kitu ambacho mtu huinamia na kukiomba kimwokoe. Mtoto huyu hakuliinamia gari. Lakini pia hatukubaliani na wale waliosema mwacheni, ni vyake. Maharage yale yalikuwa ya nyumba nzima, hata ya mdogo wake ambaye bado hajui kusema ana njaa. Kumpa mmoja kwa kumpunguzia mwingine bila kuzungumza nyumbani si vizuri, hata kama moyo wa mama ulikuwa mwema. Mama mwenyewe amekiri hivyo.

Ubaya wa biashara hii, kwa maoni yetu, hauko katika picha. Picha nyingine ni nzuri, na watoto hufurahi, na furaha ya mtoto si dhambi. Ubaya uko hapa: inachukua kitu ambacho watu wanapaswa kupeana bure, yaani kukaribishwa, inakipachika juu ya kitambaa na kukiuza. Na maskini hulipa zaidi, kwa sababu yeye ndiye mwenye njaa kubwa ya kukaribishwa.

Lakini tulipofika hapo tulijikuta tunajihukumu wenyewe. Kumbukeni Pasaka iliyopita. Kwaya na kina mama walipatana kushona kitenge cha aina moja, kilichochapwa msalaba na jina la kanisa. Kilipendeza kweli. Aliyekuwa na faranga alishona. Asiye nazo aliambiwa akae nyuma ili mstari usiharibike. Dada mmoja hakuonekana kwa Jumapili tatu. Tulidhani ni mgonjwa. Baadaye tukajua kwamba aliona haya. Je, sisi nasi hatukuuza picha? Tuliweka bei juu ya nafasi ya kukaa pamoja, na tuliiweka ndani ya nyumba ya Bwana. Wenye gari lile jekundu angalau hawakudai kwamba wanafanya hivyo kwa jina la Yesu.

Bwana wetu alipojaribiwa juu ya kodi, aliomba aonyeshwe sarafu, akawauliza ile iliyochorwa ni sura ya nani. Walipomjibu kwamba ni ya Kaisari, aliwaambia wamrudishie Kaisari vilivyo vyake, na Mungu vilivyo vya Mungu (Mathayo 22:15-22). Wengi tunahubiri nusu ya kwanza, habari ya kodi. Lakini nusu ya pili inatudai tuulize: ikiwa sarafu ni ya Kaisari kwa sababu ina sura yake, ni kitu gani chenye sura ya Mungu? Mwanzo 1:27 inatujibu kwamba ni mwanadamu. Basi mtoto anayepita njiani na mkoba wake amebeba sura mbili. Moja iko mgongoni, ina mwenyewe huko Marekani, na mvua mbili tatu zitaifuta. Nyingine ni yeye mwenyewe. Hiyo haikununuliwa, haikuachwa ng'ambo ya ziwa, wala hakuna ofisi inayoweza kuiandikisha kuwa mali yake. Kazi ya kanisa ni kumtendea mtoto huyo kiasi kwamba aiamini sura hiyo ya pili kuliko ile ya kwanza.

Hatuwezi kumwambia hivyo kwa mdomo tu. Tumepatana mambo matatu. Kwanza, hakuna mtu atakayemchekelea mama yule tena, wala mkoba hautachomwa moto. Pili, kwenye sikukuu zetu kitenge cha pamoja kitakuwa cha hiari, na hakuna atakayewekwa nyuma kwa sababu ya nguo. Tumekwenda pia kumwomba radhi dada yetu. Tatu, watoto wetu watakwenda shule kwa pamoja asubuhi, wakubwa na wadogo, ili asiwepo anayefika mlangoni peke yake. Hilo la mwisho halina gharama hata faranga moja, na tunaona aibu kwamba hatukulifikiri mapema.

Mzee wetu bado anasema picha ni picha. Tunamsikiliza, naye anatusikiliza. Lakini ndiye aliyejitolea kuwasindikiza watoto hadi barabara kubwa.

Mkoba nao zipu yake imekwisha kuharibika. Mtoto anaufunga kwa kamba.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Ni kitu gani tulichokinunua mwaka huu ili tusionekane wageni? Je, kilitusaidia? Na ni nani katika kanisa letu anayekaa nyuma kwa sababu ya kitu ambacho hawezi kukinunua?

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo ikae nanyi pamoja na nyumba zenu. Amina.