Nani Aseme Mzee Yuko Tayari Kurudi Nyumbani?



Katika kutembelea wagonjwa tumekutana na swali linalotusumbua. Mzee amevunjika nyonga, amelazwa wiki nyingi, wauguzi wamemtunza, na sasa kitanda kinahitajika. Ni nani mwenye haki ya kusema yuko tayari kurudi nyumbani?

Waganga wana vipimo vyao, wala si vibaya. Kimoja, kilichotolewa mwaka 1963 na daktari Sidney Katz wa Marekani na wenzake, huuliza mambo 6: je, mzee aweza kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, na kula mwenyewe? Kingine cha mwaka 1991 humtaka ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi, huku saa ikiangaliwa. (Bwana Yesu alipomwambia Petro habari za uzee wake, katika Yohana 21:18, naye alitaja kuvikwa na mtu mwingine, na kupelekwa asikotaka.)

Lakini vipimo hivi vilitungwa kwa watu wenye sakafu ya saruji na choo cha kukalia. Bibi mmoja wa kanisa letu alitembea vizuri wodini na mkongojo wake. Tulipomwuliza kama yuko tayari kwenda nyumbani alitutania: "Nyumbani gani, ng'ambo ya ziwa au kwenye turubai?" Kisha akasema ndiyo, upesi mno. Tukamsindikiza kwa vigelegele. Baada ya siku chache tulimkuta midomo imekauka. Alikuwa ameacha kunywa maji ili asihitaji choo usiku. Choo chao ni cha shimo, cha kuchuchumaa, mbali na mlango, na ilikuwa masika, njia yote tope. Aliona haya kumwamsha mke wa mwanawe. Hakuna aliyekuwa amemwuliza habari ya choo, hata sisi tuliokuja na Biblia mkononi.

Sisi twaona neno la kwanza ni la mzee mwenyewe, naye aulizwe peke yake, watoto wasisimame kando, maana wazee wengi husema ndiyo ili wasiwe mzigo. Akijua kwamba aweza kuanguka na bado akataka kulala kwake, hatuna haki ya kumzuia kama mtoto mdogo. Hapo tulibishana sana katika kamati, na wengine hawajakubali hata leo.

Mke wa mwana naye aulizwe, kwa sababu ndiye atakayechota maji na kufua. Akisema hawezi, tusimrukie na amri ya kuwaheshimu wazazi. Huyu wa kwetu alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Alipoulizwa kwa upole alilia, akasema usiku tu ndio unaomshinda.

Basi fundi mmoja wa kwaya alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu, na sadaka ya Jumapili moja ikanunua ndoo yenye mfuniko. Akina mama wanapokezana kuimwaga asubuhi. Juma lililopita bibi aliomba chai, kikombe cha pili.